Usimlete Mtoto Kazini

Watu wa mji wetu walimwita wifi yangu Mama Majonzi, na walimwita hivyo kwa heshima, kana kwamba majonzi ni cheo. Mimi nilimjua kabla ya cheo. Nilimjua akiwa mwanamke wa kucheka mpaka anashika ukuta, anayeficha sukari wageni wasiimalize, anayekoroma na kukataa katakata kuwa anakoroma. Kaka yangu alipomuoa nilimwambia waziwazi kuwa amejiokotea kelele. Wifi akanijibu hapo hapo kuwa afadhali kelele kuliko mdomo wa wifi mtu. Tukapendana kuanzia siku hiyo.

Sote watatu tulikula kutoka jumba moja la michezo ya kuigiza. Mimi nilikuwa mshonaji wa mavazi, chumba changu kiko chini ya ngazi na hakina dirisha. Kaka alikuwa fundi wa taa. Yeye alikaa juu kabisa, nyuma ya watazamaji, kwenye kijichumba cha mbao kilichojaa swichi. Wifi alikuwa jukwaani. Jumba lenyewe lilikuwa la zamani, viti vyake vilirarua suruali za watu, na lilijulikana kwa michezo ya kale tu, ile ya wafalme inayosemwa kwa mashairi, ambayo kila mtu anajua mwisho wake kabla hajakata tiketi. Kwa muda mrefu nilijiuliza watu wanafuata nini pale. Habari wanaijua: malkia atafiwa, atalia, pazia litafungwa. Baadaye nikaelewa kuwa hawafuati habari, wanafuata kulia. Nyumbani mtu mzima hawezi kutoa chozi bila kuulizwa ana nini. Pale gizani analia kwa raha zake, anapenga kamasi, kisha anarudi kwake kula.

Mwongozaji wa michezo tulimwita Kanali, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele. Alikuwa mtu aliyesoma mpaka akasahau kusalimia. Aliyapenda mashairi ya kale kuliko watu, na alikuwa na sheria zake. Mstari una mizani, alisema, na kilio lazima kiingie ndani ya mizani, kwenye kituo, pale mstari unapovuta pumzi. "Lia kwenye kituo!" alikuwa akimfokea wifi wakati wa mazoezi. "Ukilia katikati ya mstari umeliua shairi, na shairi likifa wewe ni mwanamke anayepiga kelele tu!" Sheria ya pili ilihusu taa kubwa, ambayo ilisimama upande wa kushoto. "Shavu la kushoto! Upande wako ni wa kushoto, mara ngapi nikuambie? Chozi asiloliona mtu wa kiti cha nyuma halina faida." Wifi akawa anatembea mpaka sokoni ameinua shavu la kushoto, na mimi namcheka.

Enzi hizo alilia kwa kitunguu. Nilimshonea kifuko kidogo ndani ya mkono wa gauni la malkia, anaweka kipande humo, anapitisha mkono usoni, basi. Mwigizaji mwenzake, bibi mmoja tuliyemwita Bi Kavu, alimdharau kwa hilo. Bi Kavu aliigiza yaya wa malkia na alilia kwa tumbo na pumzi, bila kitunguu na bila huzuni. Aliwahi kuniambia kuwa akiwa katikati ya kilio kikubwa, ukumbi mzima una kwikwi, yeye anawaza kama alifunga bomba la maji nyumbani.

Kaka na wifi walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Tulimwita Chiriku, maana alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Mimi shangazi yake nilikuwa namfukuza chumbani kwangu kwa maswali yake, na punde nasikia vijiguu vinarudi. Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtoto mwingine: kila kitu kinachotaka kumgusa lazima kipulizwe kwanza. Uji upulizwe, sawa. Lakini hata nguo, hata kitana, hata maji ya kunawa yaliyolala nje. "Mama, pulizia kwanza." Na mama yake, aliyekuwa hana subira na mtu yeyote duniani, alipulizia.

Aliugua akiwa na miaka mitano. Ilianza kama homa za watoto wengine, ikakataa kuondoka. Hospitali walikesha naye, mama upande huu wa kitanda, baba upande ule. Chiriku akawa kimya, na kimya hicho kilitutisha kuliko homa. Asubuhi ya siku ya mwisho wifi alichovya kitambaa kwenye beseni amfute. Mtoto akasema kwa kisauti, "Mama, pulizia kwanza." Wifi akapulizia. Alipomgusa, mtoto akashtuka kwa baridi. Basi wifi akasema, ngoja nikaombe maji ya moto. Kaka akabaki. Wifi aliporudi na jagi lake, Chiriku alikuwa ameshakwenda.

Kaka alisema mtoto alifumbua macho kidogo akamwambia neno. Neno gani? Hapo kaka alifunga mdomo. Tulidhani ni uchungu wa siku zile, atasema baadaye uchungu ukipoa. Wifi hakumlazimisha.

Hakulia pia. Hili watu hawakulijua na mimi nalisema. Msiba mzima alikaa macho makavu, anaitikia pole za watu, anauliza kama kila mtu amepata chai. Aliporudi kazini, Kanali alikuwa ameanza mazoezi ya mchezo wa malkia anayerudishiwa maiti ya mwanawe kutoka vitani na kuiosha kwa mikono yake. Ningekuwa mimi ndiye Kanali ningempa mtu mwingine. Yeye alimwita pembeni, nikiwa nampima kiuno, akasema, "Wengine wanatafuta maisha yao yote kitu ulicho nacho wewe sasa. Usikiache nyumbani." Nilimchoma wifi na pini kwa hasira, bila kukusudia. Hakushtuka.

Maiti ya mtoto wa malkia niliitengeneza mimi, kwa pamba na kitambaa cha mashuka, uso nikauchora kwa rangi. Siku ya kwanza ya kuonyesha, Jumamosi alasiri, nilisimama pembeni ya jukwaa na pini zangu mdomoni. Wifi akapiga magoti, akachukua kitambaa, akakikamua, akaanza:

Maji haya ni baridi, wangu usitetemeke,
Nakuosha sina budi, jina lako nilishike.

Ila hakufika mwisho kwa mkupuo. Alipofika kwenye kituo, baada ya "baridi", alikileta kile kitambaa mdomoni akakipulizia. Mara moja, taratibu, kama mtu anayepoza uji. Kisha akaigusa ile pamba. Na machozi aliyoyakosa msibani yakamtoka yote pale, kwenye kituo, shavu la kushoto.

Nusura nimeze pini. Nikainua macho kule juu kwa kaka, na wakati huo huo taa zote zikazimika.

Giza. Halafu nikasikia ukumbi mzima unalia, wanaume kwa wanawake, kisha makofi mpaka chokaa ikadondoka kutoka darini. Walidhani giza lile ni sehemu ya mchezo. Kanali alipanda ngazi mbio, nami nyuma yake nikihofia atamfukuza kaka kazi. Tulimkuta amekaa sakafuni, kichwa kati ya magoti. Kanali akamkumbatia pale pale chini. "Fundi, umenifundisha! Kila onyesho, pale pale, zima!"

Gazeti moja liliandika kuwa malkia yule alikuwa anampulizia mwanawe pumzi ya uhai. Nilikata ukurasa ule nikautumia kupimia kola.

Nilimuuliza kaka kwa nini anakubali kuzima taa kila siku kama mtumwa.

"Nisipozima mimi watazidi kumwangalia," akasema. "Acha nimfunike."

Nyumbani hawakugombana, na heri wangegombana. Kaka alimwambia mara moja tu, mbele yangu, wakati tunakula. "Mama Chiriku, tafuta kitu kingine cha kufanya na kile kitambaa." Wifi akaweka tonge chini. "Nyumbani haji," akasema. "Nimekaa kitandani kwake, nimenusa nguo zake, haji. Pale nikipulizia, anakuja. Unataka nimwache nje?" Kaka akaivuta sahani yake. Mimi nikaanza kuondoa vyombo kabla hawajashiba.

Aliyemjibu ni Bi Kavu. Alimkuta wifi anajifuta rangi usoni, macho yamevimba, akamwambia bila kuzunguka, "Mwanangu, usimlete mtoto kazini."

"Wanalia, Bi Kavu. Umewaona?"

"Nimewaona. Wanalia, wanaenda zao. Kesho wanakuja wengine, wanamtaka huyo huyo. Mtoto mdogo hawezi kazi ya kila siku. Atachoka."

Wifi alicheka, akasema Bi Kavu ana wivu. Labda kweli alikuwa nao. Lakini hakukosea.

Mchezo ule ulidumu miaka. Kanali alipotangaza kuwa sasa utazungushwa miji mingine, kaka aliteremka kutoka juu, akamkabidhi ufunguo wa kijichumba, akasema inatosha. Alipanga chumba nyuma ya soko akawa anatengeneza pasi na redio. Hawakupeana talaka. Waliachiana nafasi tu, na nafasi ikazoea kukaa. Wifi akiulizwa mumewe yuko wapi alijibu yuko kazini. Kwenye swichi akawekwa mtu mwingine, naye alizima taa pale pale alipoelekezwa.

Siku moja wifi aliingia chumbani kwangu baada ya onyesho, bado amevaa taji, akakaa juu ya rundo la mavazi.

"Leo amekataa kuja," akasema.

"Nani?"

"Nimepulizia, hakuna kitu. Nimepulizia pamba, wifi."

Nikamwambia ni uchovu. Kesho yake vivyo hivyo. Basi akaanza kutafuta vingine. Alilia wiki kadhaa kwa kukumbuka kandambili za Chiriku zilizobaki mlangoni. Kandambili zikaisha. Akaenda kwenye harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ya wodi, akaitumia mpaka nayo ikawa harufu tu. Akalitumia lile jagi la maji ya moto, na hilo lilidumu, maana lilikuwa na uzito. Lilipokwisha akawa kama mtu anayekwangua sufuria, anasikika kijiko tu. Alirudi kwenye kitunguu kwa siri. Mimi nilijua, maana mkono wa gauni ulinuka.

Watazamaji hawajui walichokosa, ila huanza kukohoa. Ukumbi ukikohoa wakati wa kilio, ujue hakuna anayelia. Kanali alisikia kikohozi kile kabla yetu. Akaleta binti mmoja mwenye macho makubwa, akamwambia wifi amfundishe nafasi ya malkia, kwa heshima nyingi na maneno marefu. Nilisimama mlangoni nikamtazama wifi yangu anamfundisha mtoto wa watu kumpulizia Chiriku. "Siyo hivyo, unapuliza kama unazima mshumaa. Taratibu. Kama hujui kuwa maji ni baridi." Binti akarudia. Mara ya tatu akapata. Alipata vizuri sana, kusema kweli, na watu wakaacha kukohoa.

Baada ya hapo wifi alikaa nyumbani. Asubuhi moja alikuja kwangu kabla sijafagia, akasimama katikati ya chumba.

"Nikimwita, sauti inayokuja ni ya yule binti," akasema. "Inasema pulizia kwanza, lakini ni ya yule binti. Na uso ni ule uliochora wewe."

"Picha yake unayo."

"Picha ninayo. Picha imefunga mdomo. Chiriku alifunga mdomo lini?"

Nikamkalisha. Nikamkumbusha jinsi nilivyokuwa namfukuza na anavyorudi, jinsi alivyoficha bobini za cherehani yangu, jinsi alivyoniuliza kama wafalme wanapigwa na mama zao. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa chakula alichoshiba.

"Hayo nimeshayatumia," akasema.

Sijawahi kusikia sentensi mbaya kuliko ile. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimeshika ufagio.

"Kimebaki kimoja ambacho sikukitumia," akaendelea, "kwa sababu sikupewa. Lile neno alilomwambia baba yake. Jukwaani sirudi tena, wewe unajua. Sitaki la kuwalilia watu. Nataka kitu kimoja cha mwanangu ambacho bado ni kizima. Twende, wifi. Peke yangu atanifungia mlango."

Tukaenda mchana ule ule. Kaka alikuwa amekaa kati ya pasi zilizopasuliwa matumbo, miwani puani, nywele zimekuwa nyeupe bila kuniaga mimi mdogo wake. Alipomwona mkewe alisimama.

"Karibu, Mama Chiriku," akasema. Dunia nzima ni yeye peke yake aliyebaki kumwita hivyo.

Alitupisha viti, akachemsha chai, akatafuta vikombe vinavyolingana, akakosa. Dirisha lilikuwa moja, na wifi alikaa akiwa nalo upande wa kushoto. Akaeleza alichofuata. Hakupamba, hakuinua sauti. Kaka alimsikiliza huku anazungusha bisibisi mkononi.

"Unajua kwa nini sikusema?" akauliza mwisho.

"Uliogopa nitalipeleka kule."

"Ungelipeleka."

"Ningelipeleka," wifi akakubali. "Sasa hakuna kule. Baba Chiriku, nimebaki mtupu. Nipe, nami nife na kitu."

Kaka alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani nafanya kheri. Akavua miwani, akaiweka juu ya pasi. Akaanza kusema polepole, maana tangu siku ile hakuwahi kulitamka jambo lile kwa mtu.

"Ulipotoka, alikuwa amelala ubavu. Mimi nimeshika mguu wake. Akafumbua macho, akaangalia mlango uliotokea wewe. Nikamwambia mama anakuja, ameenda kuleta maji ya moto. Akaniangalia mimi. Akaniambia, Baba..."

Wifi alikuwa analia. Machozi ya kweli, yasiyo na kitunguu, naapa mbele ya yeyote. Na alipolisikia lile "Baba", kwenye kituo kile kidogo cha pumzi ya kaka, uso wake uligeuka. Kidogo tu. Kidevu kikapanda, shavu la kushoto likatafuta dirisha, chozi likashika mwanga.

Kaka alikaa miaka mingi juu kule akiulenga uso ule kwa taa. Asingeweza kutouona.

Alinyamaza. Akasimama, akaenda dirishani, akavuta pazia. Chumba kikawa giza, na ndani ya giza lile tukasikia kilio cha wifi kinapungua, kinapungua, kinakatika.

"Sikukusudia," wifi akasema.

"Najua."

"Wallahi sikukusudia, Baba Chiriku."

"Najua, mama. Ingekuwa makusudi ungeweza kuacha, nami ningekuhadithia mpaka kesho."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Angefoka ningepata wa kugombana naye. Tulikaa gizani mpaka chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Mwishowe wifi akatafuta viatu vyake kwa kupapasa, akamwambia mumewe abaki salama, naye akamwambia aende salama, na mlango ukafungwa nyuma yetu taratibu.

Nje jua lilikuwa kali. Tulipita soko zima, mimi nikijisemea moyoni maneno ya kumfokea kaka, na ya kumfokea Kanali, na ya kumfokea wifi, yote yakiwa na haki na yote hayana kazi. Kwenye kona ya kwetu alisimama akanishika mkono.

"Niambie kweli, wifi. Niligeuka?"

"Uligeuka."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikumbuka.

"Ndio upande wangu," akasema, tukaendelea kutembea.